Sheli Zetu za Zamani: Tuziandike Kabla Hazijaondoka

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kayanga, Karagwe)



Ndugu Katibu aliniagiza nichague jambo lolote linalohusu wilaya zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, mradi lisiwe refu kuliko chakula kitakavyoweza kungoja. Nimechagua kuzungumza juu ya sheli. Nawaona wengine mnatabasamu. Mlitazamia Omukama Rumanyika, mlitazamia Bweranyange, mlitazamia kahawa. Mtu amevaa suti, amepanda jukwaani, halafu anasema habari za pampu ya petroli! Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nina ombi, na ombi langu lina muda maalumu wa kutimizwa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika vitabu vya serikali huandikwa "kituo cha mafuta". Barabarani hakuna anayesema hivyo. Utingo, dereva, kijana wa bodaboda, wote husema "sheli", hata kama bango lililo juu ya nguzo ni la kampuni nyingine kabisa. Neno hilo limetoka kwenye jina la kampuni ya Shell, na kampuni hiyo ilichukua jina lake kutokana na makombe ya baharini. Marcus Samuel wa London alikuwa mwana wa mfanyabiashara aliyeuza visanduku vilivyopambwa kwa makombe kutoka nchi za mashariki. Mwana alipoingia katika biashara ya mafuta ya taa, meli yake ya kwanza ya kubeba mafuta, Murex, iliyopita mfereji wa Suez mwaka 1892, ilipewa jina la konokono wa baharini. Kampuni iliitwa Shell mwaka 1897. Sisi wa nchi za maziwa makuu tusilione jambo hili kuwa geni. Babu zetu walitumia simbi, yaani kauri zilizoletwa kutoka pwani, kama fedha. Kombe la bahari lilikwisha kufika huku na kufanya biashara kabla ya gari lolote.

Sasa, mafuta yenyewe yalifikaje? Vijana wafahamu kwamba kabla ya pampu palikuwa na debe. Petroli na mafuta ya taa yalisafirishwa katika makopo makubwa ya pembe nne, kila moja likiwa na ujazo wa galoni nne hivi za Kiingereza, ambazo ni karibu lita 18, na makopo mawili mawili yalifungwa ndani ya sanduku la mbao. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kutoka bandari hizo mbili za ziwa mzigo ulipanda meli hadi Bukoba, na kutoka Bukoba ulikwenda kwa barabara hadi Kyaka, ndipo ukapanda vilima vyetu.

Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi na maharage, likakunjuliwa na kuezekea paa, likakatwa kuwa koroboi. Mpaka leo mama akienda sokoni Omurushaka hununua maharage kwa debe. Chombo cha petroli kimegeuka kipimo cha chakula cha taifa zima, na hata methali tumekipa: debe tupu haliachi kuvuma. Natumaini hamtaikumbuka methali hiyo nitakapomaliza hotuba yangu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kyerwa watalipenda. Debe ni chuma chembamba kilichopakwa bati ili kisishike kutu. Na bati, ile madini yenyewe, lilichimbwa hapa hapa Kyerwa tangu miaka ya 1920. Sisemi kwamba bati la Kyerwa ndilo lililopaka yale madebe. Hakuna anayeweza kulithibitisha hilo. Nasema tu kwamba wilaya yetu ilikuwa kwenye ncha zote mbili za biashara ile: madini yalitoka, madebe yakaingia, na lori lililobeba vyote viwili lilihitaji petroli.

Ndugu zangu, nikija sasa kwenye majengo, mimi ni mtu wa kazi za ujenzi, na nikiyatazama majengo ya mafuta katika nchi hii, na hasa katika miji midogo kama yetu, nayagawa katika vizazi vinne.

Kizazi cha kwanza si jengo hata kidogo. Ni pipa la galoni 44, yaani lita 200, lililolazwa juu ya magogo kando ya duka, pamoja na mpira na faneli. Muuzaji alinyonya mpira kwa kinywa, akatema, akakuelekezea tangi lako. Kizazi hiki hakikuacha ukuta wowote wa kuhifadhi, ila doa jeusi ardhini. Wala hakijafa. Zile chupa za petroli zinazopangwa juu ya meza kando ya barabara kwa ajili ya bodaboda ni wajukuu wa pipa lile, na hatari yake ni ile ile.

Kizazi cha pili ni duka lenye pampu. Mnalijua umbo lake: duka la baraza, paa la mabati, nguzo nne au sita, milango ya mbao ya kukunja, na mbele yake, pale ambapo lori lingeweza kusimama, pampu moja peke yake kama askari wa zamu. Pampu za zamani sana za namna hii ziliendeshwa kwa mkono. Juu zilikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye alama za galoni. Muuzaji alivuta na kusukuma mkono wa chuma, petroli ikapanda kutoka tangini na kujaa kwenye kioo. Mnunuzi akaiona kwa macho yake, rangi yake na kiasi chake. Kisha ikashuka yenyewe kwa uzito wake kupitia mpira hadi kwenye gari. Hapakuhitajika umeme. Kwa mji usio na umeme hiyo ndiyo ilikuwa pampu.

Naomba mkitafakari kile kioo. Mwaka 2010 nchi yetu ilikuwa na kelele za "uchakachuaji", mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli na petroli, hata neno hilo likahamia kwenye siasa na kila aina ya udanganyifu. Serikali ikaanzisha vinasaba ndani ya mafuta ili kuwatambua wadanganyifu, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Kioo cha pampu ya mkono hakikuweza kutambua mchanganyiko kama mtaalamu wa maabara, lakini kilimpa mnunuzi haki ya kuona. Jengo au chombo cha zamani kinaweza kutufundisha jambo la namna hiyo: kwamba watu waliotutangulia nao walifikiria juu ya uaminifu katika biashara, wakautafutia umbo.

Kizazi cha tatu ndicho kinachonipeleka kwenye ombi langu. Ni sheli iliyojengwa makusudi kuwa sheli. Ina kisiwa cha zege ambacho pampu husimama juu yake. Ina kibanda cha karani chenye dirisha pana. Pengine ina shimo la gereji ambamo makanika huingia chini ya gari. Na juu ya yote ina paa la kivuli la zege, lililotokeza mbele bila nguzo ya pembeni, kama mkono ulionyoshwa kumkaribisha mgeni. Huo ndio ujenzi uliopendwa katika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950 na 1960, wakati saruji na nondo zilipokuwa alama ya nchi inayokwenda mbele. Hata kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1966 katika moyo huo huo. Uhuru ulikuwa mchanga na kila mji mdogo ulitaka kipande chake cha zege kilichonyoka.

Kizazi cha nne ni hiki cha siku hizi: paa kubwa la chuma lililofunikwa mabati ya rangi, taa nyeupe, pampu za namba za umeme. Sina ugomvi nacho. Kinafanya kazi vizuri, na mvua ya Karagwe haimpati anayejaza mafuta. Ila ukiondoa bango huwezi kujua kama uko Kayanga, Kahama au Kampala.

Huenda mtu akasema: hayo ni mapenzi ya fundi na zege lake, wapi duniani watu wenye akili wametunza sheli? Naomba tutoke wilayani kwa dakika chache nimjibu, na sitakwenda mbali mwanzoni.

Katika mji wa Asmara, nchi ya Eritrea, iko sheli iitwayo Fiat Tagliero. Ilijengwa mwaka 1938, wakati wa Waitaliano, kwa michoro ya mhandisi Giuseppe Pettazzi. Ina umbo la ndege. Katikati pana mnara na ofisi, na kila upande limetoka bawa la zege lenye urefu wa meta 15 hivi, likielea hewani bila nguzo yoyote. Inasimuliwa kwamba wakuu wa mji hawakuamini mabawa yale yangesimama, wakataka yawekewe nguzo, na kwamba siku ya kufungua Pettazzi alimshikia kiongozi wa mafundi bastola ili aziondoe. Iwe kweli au iwe chumvi ya wasimulizi, mabawa yamesimama. Yalipita vita kuu ya pili ya dunia na miaka 30 ya vita vya ukombozi. Mwaka 2017 UNESCO iliutia mji wa Asmara katika orodha ya urithi wa dunia, na sheli ile ni mojawapo ya majengo yanayojulikana zaidi mjini humo. Waeritrea hawakuibomoa kwa sababu ilijengwa na mkoloni. Waliihesabu kuwa mali yao, kwa kuwa mafundi walioimwaga zege ile na watu walioitumia walikuwa ni wao.

Mbali zaidi, Denmark wametunza sheli ndogo ya Skovshoved iliyochorwa na Arne Jacobsen katika miaka ya 1930, yenye paa mfano wa uyoga, na imeendelea kuuza mafuta. Huko Montreal, Canada, sheli iliyochorwa na Mies van der Rohe mwishoni mwa miaka ya 1960 iliacha kuuza mafuta, ikageuzwa mwaka 2011 kuwa nyumba ya vijana na wazee kukutana. Na Uingereza, pale Markham Moor, paa la zege lililopindwa kama tandiko la farasi, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilinusurika kubomolewa kwa ajili ya upanuzi wa barabara, na mwaka 2012 likaandikwa katika orodha ya majengo yanayolindwa.

Upanuzi wa barabara! Hapo ndipo tunaporudi nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, sheli ni mtoto wa barabara. Haijengwi kilimani penye mandhari nzuri wala bondeni penye maji. Hujengwa pale gari linapopita, na karibu kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo barabara inapokua, mtoto wake wa kwanza kukanyagwa ni sheli. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Chukueni kamba ya meta 30, simameni katikati ya njia mbele ya duka lolote la zamani katika miji yetu, mtaona kamba inaishia wapi. Mara nyingi itaishia chumbani.

Barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilometa 59, imekwisha kupata lami. Ni nani humu anayetaka turudi kwenye lile tope? Mimi sitaki. Wakulima wa kahawa wa Kaisho na Isingiro nao wana haki ya lami kama watu wengine. Sikuja hapa kuwaomba mpinge barabara. Anayepinga barabara kwa ajili ya sheli hajaelewa sheli ilikuwa ya nini.

Ninachosema ni hiki. Kati ya siku ambayo alama ya X nyekundu inapigwa ukutani na siku ambayo greda linafika, huwa kuna muda. Pengine miezi, pengine miaka. Muda huo hutumika kulalamika, kupima fidia, na kung'oa mabati. Hakuna anayeutumia kulipima jengo, kulipiga picha, na kumwuliza mwenyewe habari zake. Kazi hiyo inachukua nusu siku. Baada ya greda, hata fedha zote za wilaya haziwezi kuinunua nusu siku hiyo.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja mwenye jengo la namna hii katika wilaya hizi mbili. Sitataja mahali, maana jengo ni lake na hajaniruhusu kulitangaza. Nilimweleza nia yangu. Akanisikiliza vizuri, halafu akaniambia, "Mwanangu, unayoyasema ni mazuri. Lakini hicho kijumba hakinilipi hata shilingi. Watoto wangu wanataka fremu za maduka pale. Wewe utanilipa?"

Nikamjibu, "Mzee, sina fedha ya kukulipa."

"Basi unataka nini?"

"Nataka unipe ruhusa nipime, nipige picha, na unisimulie."

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hiyo haina gharama. Mbona hakuna aliyewahi kuja kuuliza?"

Tukazunguka pamoja. Alinionyesha mahali pampu ilipokuwa imefungwa kwa boliti nne, na boliti bado zipo. Alinionyesha ukutani ambapo rangi imebanduka, na chini ya rangi ya sasa kuna nyingine, na chini yake nyingine tena, kila moja ikiwa ni enzi ya kampuni yake, kama pete za mti. Alinisimulia miaka ambayo pampu ilikaa kavu. Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoona kwamba sheli ni kitabu cha historia ya wilaya.

Kwa kuwa hebu tuisome miaka hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda kutoka dola 3 hivi za Marekani kwa pipa hadi karibu dola 12. Nchi maskini zisizo na mafuta ziliumia. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia nchi yetu kaskazini ya mto Kagera, na mwezi wa Novemba daraja la Kyaka, jirani kabisa na njia panda ya barabara yetu, likavunjwa. Mafuta yakawa ya jeshi kwanza, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Vita vilipokwisha mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena, na miaka ya mwanzo ya 1980 sheli nyingi vijijini zilikuwa kivuli cha kupumzikia mbuzi. Mwaka 1994 wakaja ndugu zetu wakimbizi kutoka Rwanda kwa malaki, wakapokewa katika kambi za mkoa huu, na malori ya misaada yakajaa barabara zetu mpaka kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya kamili, na magari ya serikali yakahitaji mahali pake pa kujaza. Kila moja ya habari hizi imepita mbele ya pampu. Mengine yameandikwa katika vitabu. Lakini jinsi yalivyompata mtu wa Nkwenda aliyesimama na dumu lake kwenye foleni hayajaandikwa popote.

Je, serikali haiwezi kuyalinda majengo haya? Yafaa tuseme ukweli juu ya sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo jengo huhesabiwa kuwa la kale lenyewe likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863, yaani karibu na zile siku Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mwaka 1861. Hakuna pampu ya petroli ya wakati huo popote duniani. Sheria imempa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba kitu cha baadaye nacho kilindwe, lakini Waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwandikia. Mlinzi wa kwanza wa sheli ya Karagwe ni mtu wa Karagwe mwenye daftari.

Sasa natoa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, na naomba liingizwe katika kumbukumbu za mkutano.

Jambo la kwanza: chama chetu kitengeneze orodha ya sheli za zamani na maduka yenye pampu katika wilaya zetu mbili, kabla ya mkutano wetu ujao. Tugawane njia. Wanaokaa upande wa Kyaka na Bugene wachukue njia hiyo. Wa Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho hadi mpakani Murongo wachukue yao. Wa Kayanga kuelekea Nyaishozi wachukue yao. Kwa kila jengo tuandike: liko wapi, limejengwa kwa nini, upana na urefu wake, picha kutoka pande zote nne, pampu ipo au haipo, na maneno ya mwenyewe au ya mtu aliyefanya kazi pale. Karani wa pampu, makanika, utingo, hao ndio maprofesa wa somo hili, na wanazeeka. Vijana wa shule mna simu zenye kamera nzuri kuliko kamera yoyote tuliyokuwa nayo sisi. Kazi hii ni yenu kuliko yetu.

Jambo la pili: tusifanye ujinga na mafuta. Tangi la zamani lililofukiwa si sanduku tupu. Mvuke wa petroli hubaki ndani kwa miaka, na cheche moja inatosha kuua. Mtu yeyote asithubutu kulikata kwa gesi au kulichomelea ili auze chuma chakavu. Tangi hutolewa mafuta yaliyobaki, huondolewa mvuke, kisha hufukuliwa au hujazwa mchanga ama zege palepale, na kazi hiyo ni ya wataalamu. Hali kadhalika udongo uliolowa mafuta huweza kuharibu visima vya maji. Kwa hiyo mwenye kutaka kufunga au kugeuza sheli awaone EWURA na NEMC kwanza, na asichimbe kisima jirani hata kidogo.

Jambo la tatu linahusu paa la zege, na hapa nawasemea wenye majengo. Paa lililotokeza bila nguzo hubebwa na nondo zilizo upande wa juu wa zege, kwa sababu huko ndiko linakovutwa. Maji yakituama juu yake, hupenya, nondo zikashika kutu, na nondo iliyoshika kutu huvimba na kuipasua zege. Utaona vipande vinaanguka, utasema jengo limezeeka. Halijazeeka; mfereji wake umeziba majani. Ondoa majani, rekebisha mteremko, ziba nyufa kabla ya masika. Kazi ya ngazi moja na asubuhi moja huweza kuliongezea paa miaka mingi ya maisha. Bali likianza kuning'inia, ondoa watu chini yake, mwite mhandisi.

Jambo la nne ni kubwa zaidi. Katika orodha yetu tuchague jengo moja Karagwe na moja Kyerwa, yaliyo nje ya hifadhi ya barabara, ambayo wenyewe wameridhia, na tuombe halmashauri zetu zisaidie kuyatunza. Sisemi yafungwe kwa minyororo yatazamwe tu. Jengo lisilotumika hufa. Sheli ya zamani ina kivuli, ina mahali pa kusimamisha pikipiki, ina kibanda chenye dirisha. Inafaa kuwa kituo cha bodaboda, au mahali pa kuuza kahawa yetu iliyokaangwa hapa hapa badala ya kuipeleka yote ikiwa mbichi, au chumba cha kusomea vitabu. Na pampu ibaki kwenye kisiwa chake, imepakwa rangi, ili mtoto aulize, "Hii ni nini?" Akiuliza, mtu mzima atalazimika kujibu, na historia itakuwa imesimuliwa.

Jambo la mwisho: palipo na pampu ya zamani iliyong'olewa, tusiiache iende kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Pampu nyingi za gurudumu za namba zilitupwa duniani kote kwa sababu fedha ilipoteza thamani na magurudumu yake hayakuwa na nafasi ya kutosha kuandika bei mpya. Chombo kilichoshindwa kuhesabu kwa sababu bei zilikimbia kuliko meno yake ni somo zima la uchumi. Shule yetu ina chumba cha maabara chenye kona tupu. Mkuu wa Shule ananitazama. Nadhani amekwisha kunielewa.

Ndugu zangu, mwaka 2019 serikali ilitangaza hifadhi za taifa katika wilaya zetu, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Wanyama wamepata ulinzi, na jina la Rumanyika limepata heshima yake. Sisi wenye majengo madogo ya kando ya njia hatuombi hifadhi ya taifa. Tunaomba daftari, futi kamba, na nusu siku kabla ya greda.

Naiweka hoja mbele ya mkutano, Ndugu Mwenyekiti, na wa kwanza kuandika jina lake kwa njia ya Murongo ni mimi mwenyewe.